Redio Inavuma, Kichwa Kinauma: Kutafuta Chanzo cha Kelele, Dalili kwa Dalili

Simu huja baada ya isha, wakati bendi ya mita 40 imeanza kufunguka. "Shikamoo mzee. Redio yangu imeharibika, inapiga kelele tu." Marahaba, namjibu, chomoa antena. Kinapita kimya kidogo, halafu: "Eh! Imenyamaza kabisa." Basi redio ni nzima. Kilichoharibika kiko nje yake, na mara nyingi ni chaja aliyoinunua mwenyewe mwezi uliopita.

Mwongozo huu nimeupanga kwa malalamiko ninayoyasikia tena na tena kutoka kwa wana-redio wa ridhaa, hasa wa huku pwani. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea zaidi, kisha zile za nadra. Nimeuweka pia uchovu wa kusikiliza, kwa sababu nao ni hitilafu yenye chanzo. Mtu anayezima redio saa tatu usiku kwa sababu kichwa kimemgonga hana tofauti na mtu ambaye fyuzi yake imekatika: wote wawili hawapo hewani.

Kabla ya yote: majaribio mawili

Weka redio mita 40, SSB (njia ya kuzungumza kwa sauti), sauti ya kawaida. Chomoa antena. Kelele ikishuka sana, inatoka nje ya redio: angani, kwa jirani, au ndani ya nyumba yako. Isiposhuka, imo ndani ya redio au kwenye powasaplai. Ikishuka nusu tu, una wageni wawili, na itakubidi ushughulike na mmoja kwanza.

Jaribio la pili: lisha redio kwa betri ya volti 12, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Redio ya wati 100 hula ampea 1 hadi 2 ikipokea tu, kwa hiyo hata betri ndogo itakufikisha. Kelele ikitoweka, mchawi ni wa nyumbani. Ikibaki vilevile, ni wa mtaani au wa mbinguni. Katika hili tuna neema moja: umeme wetu hukatika wenyewe. Siku ya mgao, kabla hujatafuta mshumaa, washa redio kwa betri usikilize. Utajua kwa dakika tano mtaa wako unakuchafulia kiasi gani. Fanya haraka tu, kabla inveta za majirani hazijaanza kuimba.

Onyo la mapema: mawingu ya radi yakianza kukusanyika, kabla ya ngurumo, chomoa koaksi (waya wa antena) na kuitoa nje ya dirisha. Usingoje radi iwe karibu. Kuzima swichi ya redio hakuikingi na kitu.

Dalili: "shaaa" isiyokatika, kama mvua juu ya mabati

Hili ndilo lalamiko mama. Watu wanasikika, lakini wamezama kwenye mvua hiyo. Nusu saa unavumilia. Ikifika saa nzima unawafokea watoto bila sababu.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali: redio imefunguliwa kupita kiasi. Nobu ya RF (ukuzaji wa mawimbi ya antena) iko mwisho kulia, kitufe cha AMP (kikuzaji cha ziada) kimewashwa, ATT (kipunguzi chake) imezimwa, kwa imani kwamba mlango ukiachwa wazi zaidi wageni wataingia wengi zaidi. Kwenye mita 80, 40 na 20 haiko hivyo. Kwenye bendi hizi kelele inayoingia na antena huwa kubwa mara nyingi kuliko ile inayozaliwa na redio yenyewe. Na sisi tumejenga jirani na kiwanda cha radi: bonde la Kongo na Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na usiku mikwaruzo yake inafika pwani kwa njia ileile inayomleta mwenzako wa Kigali. AMP inamkuza mtu na kelele kwa kiasi kilekile. Hupati kitu ila masikio kuchoka.

Zima AMP. Washa ATT. Kisha rudisha nobu ya RF nyuma taratibu, mpaka kelele ibaki juu kidogo tu ya ile unayoisikia antena ikiwa imechomolewa. Ongeza nobu ya AF (ya sauti) kama sauti ya mtu imekuwa ndogo. Katikati ya maneno yake utasikia kitu ulichokisahau: kimya. Mshale wa S (kipimo cha nguvu ya mawimbi) utapanda unapopunguza RF; usishtuke, redio nyingi zimeundwa hivyo. Mshale unaonyesha kazi ya AGC (kidhibiti kinachopandisha na kushusha ukuzaji chenyewe), na wewe umeikaza kwa mkono.

Kwa wanaopenda hesabu: kwenye HF (megahezi 3 hadi 30), S9 ni mikrovolti 50 kwenye mlango wa antena, na kila hatua chini yake ni desibeli 6. ATT ya desibeli 20 inashusha vyote kwa hatua tatu na kidogo. Mwenzako akiwa S9 na kelele ikiwa S6, kelele itashuka hadi karibu S3 na yeye hadi karibu S6. Tofauti kati yao haijabadilika hata chembe, ila kelele haikupigi tena usoni. Kipimo chenyewe ni rahisi: ukichomeka antena na kelele ikapanda kidogo, redio ina hisi ya kutosha kwa bendi hiyo. Zaidi ya hapo ni tamaa. Mita 10 na mita 6 zikiwa tulivu ni habari nyingine. Huko AMP ina kazi yake.

Sababu ya pili ni filta pana. Kwa mazungumzo ya SSB jaribu kushuka kutoka kilohezi 2.4 hadi 2.0, kwa CW (milio ya Morse) tumia hezi 500. Usibane mno. Filta ya hezi 200 huifanya kelele iimbe kama chupa inayopulizwa mdomoni, na wimbo huo unachosha kuliko mvua yenyewe.

Sababu ya tatu ni amplifaya ya sauti, hasa kwenye redio za kujiundia. Jaribu hivi: chomoa antena, shusha RF hadi sifuri. Kama bado kuna shaaa nyembamba yenye makali, inazaliwa mwishoni kabisa, baada ya filta zote, kwa hiyo filta haziwezi kuigusa. Redio nyingi za namna hii hutumia chipu ya LM386. Kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8 huipandisha kutoka mara 20 hadi mara 200, na shaaa hupanda nayo. Weka rezista ya kiloomu 1.2 mfululizo na kapasita hiyo, ukuzaji utashuka hadi mara 50, ambao unatosha hedifoni yoyote. Kisha kabla ya nobu ya AF weka rezista ya kiloomu 1, na kutoka hapo kapasita ya nanofaradi 47 kwenda graundi. Itaanza kukata kwenye hezi 3,400 hivi, juu ya sauti ya SSB. Angalia pia kama mguu wa 5 una omu 10 na nanofaradi 47 kwenda graundi. Aliyeunda akiziruka hizo, amplifaya hutetema kwa masafa yasiyosikika, na kinachokufikia ni sauti yenye mchanga.

Ya mwisho ni hedifoni. Zile za muziki hunyanyua sauti nyembamba, na kwenye redio ya mawasiliano huko juu hakuna cha kusikiliza ila shaaa. Kama ni za omu 32 na nobu ya AF unaigusa tu inalipuka, weka rezista ya omu 100 mfululizo kwa kila sikio. Shaaa ya amplifaya itashuka, na nobu itapata nafasi ya kuzunguka.

Dalili: kelele inaruka kila mtu anaponyamaza

Anasema neno, kelele inashuka. Anavuta pumzi, kelele inajaa. Hiyo ni AGC ikifanya kazi yake kwa juhudi mbaya. Mtu akinyamaza, redio inafungua mlango wote ikidhani amekwenda mbali.

Mara nyingi ni AGC iliyoachwa kwenye kasi ya haraka. Kwa SSB iweke polepole, na ushushe RF kama nilivyoeleza juu, maana RF iliyoshushwa huiwekea AGC mpaka wa kufungua. Ila msimu wa masika kuna mtego: kila radi inaikamata AGC ya polepole na kuishikilia, na mazungumzo yanamezwa kwa sekunde nzima. Usiku wa radi nyingi rudi kwenye haraka, RF chini. Wapenzi wa CW wengi huzima AGC kabisa na kuendesha RF kwa mkono. Ni raha, lakini shusha AF kwanza: kituo chenye nguvu kikitokea ghafla hakuna kitakacholikinga sikio lako.

Kama kelele inaruka bila uhusiano na mtu unayemsikiliza, kuna mwenye nguvu kando yake anayeikamata AGC. Kwenye mita 40 zunguka juu ya kilohezi 7200 uone: ni redio za utangazaji. Bana filta upande huo, ongeza ATT.

Dalili: mvumo wa chini, "vuuum"

Anza na kebo ya kompyuta. Chomoa zote zinazounganisha redio na kompyuta, za sauti na za USB. Mvumo ukikata, umepata mzunguko wa ethi: mashine mbili zimeshikana ethi kwa njia mbili, na umeme unazunguka humo. Dawa ni transfoma ndogo ya sauti ya 1:1, ya omu 600, kwenye kila waya wa sauti. Wako wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi, na mvumo kweli hukata. Usifanye. Siku powasaplai itakapovujisha umeme, njia iliyobaki ya kwenda ardhini itakuwa wewe na hedifoni zako.

Kama mvumo upo hata bila kompyuta, sogeza powasaplai mbali na redio, nusu mita au zaidi. Transfoma kubwa hupenya hadi kwenye koili za redio ndogo bila waya wowote. Ukibadilika kwa kusogezwa tu, umemaliza kazi.

Usipobadilika, fikiria kapasita. Mvumo wa umeme wenyewe ni hezi 50. Ule uliopita kwenye dayodi nne za powasaplai ukakosa kapasita nzima ya kuutuliza ni hezi 100. Programu ya kupimia sauti kwenye simu itakuonyesha ni upi. Hezi 100 inayoongezeka mwezi hadi mwezi ni kapasita zinazokauka, na joto letu linazikausha mapema.

Hapa kuna mpaka. Powasaplai ya volti 12 ya transfoma, kama unajua kulehemu na umeichomoa ukutani, unaweza kubadilisha kapasita mwenyewe, ukiangalia chanya na hasi. Powasaplai ya swichi usiifungue: kapasita zake za mbele hukaa na volti zaidi ya 300, hata baada ya kuchomolewa. Na redio za zamani zenye valvu kwenye hatua ya kurushia, kama Kenwood TS-520 na Yaesu FT-101 ambazo bado zinapita mkono kwa mkono, zina mamia ya volti ndani. Hizo mpe fundi aliyezizoea valvu.

Dalili: nyuki wakali, mchana zaidi

Ni "zzzz" kavu inayofunika bendi nzima, haichagui masafa. Sababu kubwa ni nyaya za umeme wa mtaa: kikombe cha kauri chenye ufa, boliti iliyolegea juu ya nguzo, cheche ndogo isiyoonekana. Huku pwani kaskazi ikivuma wiki kadhaa bila mvua, chumvi na vumbi hukaa juu ya vikombe na nyuki huamka. Mvua kubwa ikinyesha wananyamaza, kisha baada ya siku chache za jua wanarudi. Ukiona mwenendo huo huna haja ya kuendelea kubishana na redio yako.

Kumtafuta nyuki, chukua redio ndogo ya AM na utembee. Ukikaribia, utaanza kumsikia kwenye masafa ya juu zaidi. Redio inayopokea AM kwenye bendi ya ndege, megahezi 118 hadi 136, ikimsikia, uko karibu naye kabisa. Andika namba ya nguzo na saa, ripoti kwa shirika la umeme. Basi. Usiipige nguzo teke wala kutikisa waya wake wa kuvutia. Najua kuna wazee wanaojisifu kuwa wakiipiga kelele inabadilika. Kitu kilicholegea juu yako kina maelfu ya volti.

Kabla hujalaumu nguzo, sikiliza kama nyuki ana saa za kazi. Mimi nilihangaika na mmoja aliyekuwa akija kwa vipande: sekunde tatu, kimya, sekunde kumi, kimya. Alikuwa cherehani ya umeme ya fundi wa nyumba ya tatu. Kila akikanyaga, brashi za mota zinatoa cheche. Msimu wa harusi nilikuwa nikifunga kituo saa za kazi na kumwachia bendi. NB (kitufe cha kukata milio mifupi) husaidia kidogo kwa kelele za namna hii, na nitaisema mbele.

Dalili: vilima vya kelele kila baada ya kilohezi kadhaa

Unazungusha masafa, unakutana na kilima kinachokwaruza, kinapita, halafu kingine mwendo uleule mbele. Kilima chenyewe hakitulii, kinateleza taratibu. Hiyo ni saini ya vifaa vinavyokatakata umeme kwa swichi: chaja za simu, balbu za LED, ving'amuzi, powasaplai za kompyuta, inveta na sola. Hapa ndipo kelele nyingi za miaka hii zinapotoka.

Mbinu ni swichi kuu. Redio kwenye betri, mtu mmoja asikilize, mwingine azime sakiti moja moja. Ukipata sakiti, ingia chumbani uchomoe kitu kimoja kimoja. Kuchomoa, narudia, kuzima kwa rimoti hakutoshi, king'amuzi kilicholala bado kinakula umeme na kupiga kelele. Mkosaji wangu mkubwa alikuwa balbu ya LED ya msalani. Nilimtafuta kwa siku nne, na ningemkamata siku ya kwanza kama ningeuliza kwa nini kelele inaanza kila mtu akienda kujisaidia.

Ukishampata, dawa ya kwanza ni kumbadilisha. Chaja nyepesi ya bei ya chini mara nyingi ndani haina koili na kapasita za kuchuja. Zimerukwa ili iwe rahisi. Chaja nzito yenye koili huwa tulivu zaidi. Kisipobadilishika, zungusha waya wake kwenye feraiti (pete nyeusi ya kuzuia kelele isipite kwenye waya). Watu huweka ile feraiti ya kubana, waya ukapita mara moja, halafu wanasema feraiti ni uongo. Nguvu yake hukua kwa mraba wa mizunguko: waya uliopita mara tano unazuia kiasi cha mara 25 ya uliopita mara moja. Kwa megahezi 7 mzunguko mmoja ni kama pazia la chandarua. Pete nzuri ni zile za mchanganyiko namba 31 (aina ya feraiti). Usipoipata, ndani ya TV ya chogo kuna feraiti kubwa nyuma ya kioo inayofanya kazi vizuri. Mwombe fundi TV akutolee, maana kioo kile huhifadhi umeme wa kurusha mtu.

Hata ukisafisha nyumba yako, koaksi inaweza kukuletea kelele ya nyumba. Umeme wa kelele hupanda juu ya ngozi ya koaksi hadi kwenye antena, kisha unashuka ndani kama mawimbi halali. Dalili yake: ukiishika koaksi kwa mkono, au ukiisogeza, kelele inabadilika. Zungusha RG-58 mara 12 hivi kwenye pete ya namba 31 yenye upana wa sentimita 6, pale inapoungana na antena, na nyingine pale inapoingia nyumbani. Katika marekebisho yote niliyoyataja, hili ndilo ningemshauri mtu afanye hata kabla hajapata tatizo. Na dipole (antena ya waya) ipeleke mbali na ukuta. Mita 10 za ziada kutoka nyumbani zinashinda filta ya bei yoyote.

Sola ina saini ya pekee: kelele inakuja na jua na kuondoka na jua. Chanzo ni chaji kontrola, na nyaya za kutoka paani ndizo antena yake ya kurushia. Sokota waya chanya na hasi pamoja, weka feraiti upande wa paneli na upande wa kontrola. Ikishindikana, kontrola ibadilishwe. Usichomoe nyaya za paneli mchana: cheche ya umeme wa sola ikishawaka haizimiki yenyewe kama ya umeme wa ukutani, inaendelea kuchoma. Na inveta usiifungue. Hizo ni kazi za fundi sola, na afunike paneli kwanza.

Chanzo kikiwa kwa jirani, usiende na lawama wala na neno "megahezi". Piga hodi mchana, mwombe aje asikie kwenye redio yako, kisha umpelekee chaja nzuri kama zawadi. Nimewahi kushinda kesi tatu kwa njia hii, na moja nimeshindwa, kwa sababu kifaa kilikuwa friji la duka na sikuwa na friji la kumzawadia. Kwa kelele kubwa isiyotatulika, mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, ndiyo yenye dhamana ya masafa. Peleka malalamiko kwa maandishi, na saa na masafa uliyoyarekodi.

Dalili: tak… tak… tak…

Mlio mmoja kila sekunde, saa nzima: fensi ya umeme, na mara nyingi jani au tawi limeigusa. Mwenye fensi atafurahi kuambiwa, maana fensi iliyoguswa na majani haimlindi. Wewe usiiguse.

Mlio wa haraka zaidi, kama mara 10 kwa sekunde au zaidi, unaofunika kipande cha bendi kisha unahama, ni rada ya masafa ya mbali. Wazee wanamkumbuka "kigogota" wa Kisovieti, rada ya Duga, aliyegonga HF tangu 1976 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa ajili yake baadhi ya redio za wakati huo zilitolewa na kitufe cha pili cha NB. NB hunyamazisha redio kwa kipande kidogo cha sekunde mlio unapopita, ndiyo maana inafaa kwa milio mikali na mifupi tu. Kwa shaaa haifanyi kitu. Na ukiisahau imewashwa, kituo chenye nguvu jirani kitaifanya ikate sauti ya kila mtu. Nusu ya "redio yangu imepasuka sauti" ni NB iliyosahauliwa.

Dalili: mikwaruzo upepo ukivuma, au ukigusa kitu

Huku ni chumvi. Fungua plagi ya antena. Ukiona kijani au weupe ndani, umepata. Kata kipande cha koaksi mpaka shaba ing'ae, lehemu plagi mpya, funga kwa mpira wa kujishikiza kisha tepu juu yake. Koaksi iliyokunywa maji haiponi, nunua nyingine. Angalia pia bati lililolegea, waya wa kuanikia nguo, na antena ya zamani ya TV isiyotumika: vyuma viwili vyenye kutu vikigusana karibu na antena yako vinakwaruza.

Mikwaruzo ikija unapozungusha nobu ya AF tu, ni vumbi ndani yake. Tumia dawa ya kusafishia swichi, redio ikiwa imezimwa. Usitumie mafuta ya cherehani.

Dalili: hakuna kelele, ila sauti inakera

Zima NB, kisha shusha NR (kipunguza kelele cha redio). NR iliyozidishwa hufanya watu wasikike kama wako ndani ya pipa la maji. Ubongo unafanya kazi ya ziada kuunganisha maneno, na ndipo uchovu unapoingia. Namba 3 au 4 kati ya 10 kwa kawaida inatosha. Kisha pima volti: powasaplai ikishuka chini ya 11 hivi, sauti hupasuka kwenye vilele. Kisha shuku spika ndogo ya ndani inayotazama juu ya meza. Spika ya inchi 4 inayokutazama usoni inaweza kukupa redio mpya kwa bei ya kilo mbili za nyama. Ikiwa sauti inapasuka ikiwa ndogo na kunyooka ikiwa kubwa, amplifaya ya mwisho imepoteza mpangilio wake, na hiyo ni ya fundi.

Dalili: redio imetulia, kichwa bado kinauma

Sasa tuko kwenye sikio. La kwanza kuangalia ni sauti inayopanda bila wewe kujua. Weka alama ya kalamu kwenye nobu ya AF unapoanza, uitazame baada ya saa moja. Wengi hukuta wamepanda robo mzunguko. Sikio lililochoka linaomba zaidi, ukilipa linachoka zaidi. Kiwango kinachotumika sehemu nyingi kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 juu yake zinapunguza muda kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Shirika la Afya Duniani, kwa hedifoni, linasema desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima. Mtu akikuita kutoka mlangoni usimsikie, umepita huko.

La pili ni sauti nyembamba ndefu. Kwenye CW shusha mlio kutoka hezi 800 hadi 550 hivi; siku mbili za kwanza utaona mzito, wiki ya pili hutarudi. Kwa SSB, kama redio ina marekebisho ya sauti, kata juu ya kilohezi 2.5. Wazee ambao sikio limepoteza sauti za juu wafanye kinyume kidogo: wanyanyue kati ya kilohezi 1.5 na 2.5, badala ya kuongeza AF yote.

La tatu ni kichwa chenyewe. Hedifoni za kufunga sikio katika chumba cha nyuzi 32 ni adhabu. Vika kitambaa cha pamba, ondoa kila nusu saa, hamia kwenye spika. Usisikilize kwa sikio moja usiku kucha. Likiwa ni lazima, badilisha.

Sikio likivuma baada ya kuzima redio, pumzika siku mbili. Likiendelea kuvuma, au sauti za watu zikiwa kama zimefunikwa, muone daktari wa masikio. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, hata kama haliumi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje wiki ipite ukidhani ni nta.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi

Mpelekee na majibu: kelele inabaki antena ikichomolewa? Inabaki kwenye betri? Ni bendi zote au moja? Inabadilika na nobu ipi? Fundi mwenye majibu hayo anafungua upande mmoja tu wa redio. Asiye nayo huanza kuzungusha koili za IF (za hatua ya kati ya redio) kwa bisibisi ili aone itakuwaje. Mimi yamenikuta: redio ilikwenda na mvumo, ikarudi na mvumo uleule na bila mita 20. Kwa hiyo mwambie mapema, kwa adabu, kwamba koili zile zisiguswe bila vifaa vya kupimia, na umwombe akuonyeshe kila kapasita aliyoitoa.